Kasanduku Chini ya Kiti: Siku Tatu Kabla ya Kabazi

Safari ninayowasimulia niliifanya kwa sababu ya kikohozi. Hakikuwa changu wala cha mtu wa nyumbani. Kilikuwa cha pikipiki kubwa ya bluu ya Mzee Gurdial, yule Kalasinga aliyenifundisha ufundi pale Nakuru, upande wa viwanda. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa 2007. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kucha zimejaa grisi, na kiburi cha kutosha kujaza tangi. Wateja walinijua kwa jina la Fundi Nyokabi. Wale wageni walioingia wakauliza, "Fundi ako wapi?" niliwajibu kwa spana mkononi, wakanyamaza.

Mzee Gurdial alikuwa anahama. Mkewe alikuwa amefariki, magoti yalimsumbua, na mwanawe aliyekaa Uingereza alimwambia inatosha, njoo. Ndege ilikuwa Jumanne. Gereji ilikuwa imeshafungwa nusu, vifaa kwenye masanduku, na kalenda ya zamani imetolewa ukutani ikaacha pale alama nyeupe. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Alitaka kwenda Kabazi kumuaga Mzee Njenga.

Mzee Gurdial alizaliwa Kabazi, babake akiwa na kiwanda cha mbao kule. Njenga alikuwa mtoto wa mpasuaji mbao. Walikua pamoja, na walipokuwa vijana walichanga wakanunua pikipiki moja, wakawa wanaiendesha kwa zamu, huyu Jumatatu na yule Jumanne. Baadaye kila mtu akaenda njia yake, mmoja akawa fundi mjini na mwingine mkulima wa mahindi na viazi, lakini kila baada ya wiki chache Mzee Gurdial alipanda Kabazi kunywa chai. Miaka michache kabla ya safari hii, presha ya macho ilimpofusha Mzee Njenga. Tangu hapo alimjua rafiki yake kwa sauti ya injini. Akiisikia ikivuka kijito kule bondeni, alikuwa anachukua fimbo na kutoka, na ukifika kwenye lango unamkuta amesimama anacheka.

Sasa niwaeleze hiyo pikipiki, maana ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Yule mwana wa Mzee Gurdial wa Uingereza ndiye aliyeituma. Haikuwa na kabureta kama zile tulizozoea. Ilikuwa na kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani ipulizwe ndani ya injini. Tena yule kijana, kabla ya kuituma, alikuwa amebadilisha ekzosi na kichujio cha hewa, kwa hiyo injini ikawa inavuta hewa nyingi kuliko kompyuta ilivyotarajia. Akaongeza kasanduku keusi chini ya kiti, kadogo kama kiberiti kikubwa. Kazi yake ilikuwa rahisi: kompyuta ikisema mimina, kasanduku kanasema ongeza kidogo. Ukikatoa, injini inapata joto na kupiga risasi kwenye ekzosi. Kwa hiyo ilikuwa lazima kabaki, na kalikaa miaka sita bila neno.

Kikohozi kilianza Agosti. Ilikuwa inakwenda vizuri, halafu ghafla inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Siku ya kwanza ilizimikia pale pale Kabazi, kwenye kilima kinachopanda kutoka kijitoni hadi kwa Njenga, na Mzee Gurdial, mtu wa miaka sabini na kitu, akaisukuma hadi ndani ya lango. Njenga alimsikia akihema. Hakumcheka, na hilo ndilo lililomuuma.

"Beti," aliniambia Jumatano, siku sita kabla ya ndege, yaani binti yangu, ndivyo alivyoniita siku zote. "Mimi hapana enda kuaga rafiki na pikipiki nakohoa. Jumamosi kama haijapona, basi. Nitampigia simu."

Nilijua simu ya hao wazee wawili. Niliisikia mara nyingi. Mmoja anapiga kelele, "Habari?" mwingine anajibu, "Mzuri! Na wewe?" halafu, "Haya!" na simu inakatwa. Urafiki wa miaka sitini ufungwe kwa "Haya"? Sikukubali. Nilimwambia anipe siku tatu.

Kabla sijaondoka, kuna sheria moja ya gereji yetu ambayo lazima muijue. Mzee Gurdial alinifundisha siku ya kwanza, hata kabla ya kunionyesha spana namba kumi: "Hapana ingia boma ya mtu na pikipiki chafu." Unaweza kuchelewa, unaweza kuja bila zawadi, lakini ukifika karibu na mji wa mtu unasimama, unachota maji, unaosha, unapangusa, ndipo unaingia. Mtu akiona tope kwenye pikipiki ya fundi atasema huyo hana heshima, kwake na kwa kazi yake. Nilikuwa nikibeba kitambaa na kopo nyuma ya kiti kila mahali, na niliishika sheria hiyo kuliko nilivyoshika katekisimu.

Alhamisi asubuhi niliondoka kuelekea Rongai. Wazo langu la kwanza lilikuwa petroli. Siku hizo tulilia sana na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na injini ya kompyuta haipendi uchafu huo hata kidogo. Shangazi yangu Wambui alikuwa na duka la mahindi Rongai, na jirani yake aliuza petroli ambayo shangazi alikuwa tayari kuiapia kwa Biblia. Nilipita njia panda ya Njoro, nikayaacha mashamba ya ngano mkono wa kushoto, jua likipanda nyuma yangu. Pikipiki ilikwenda kama maji kwenye mfereji. Kilomita thelathini, haikukohoa hata mara moja.

Karibu na Rongai kulikuwa na kijito. Nilisimama, nikaosha, nikapangusa ikang'aa, nikawasha. Sikufika hata mita mia tatu. Ikakohoa, ikazima, ikawaka, ikakohoa tena. Niliingia kwa shangazi nikirukaruka kama chura, wapakiaji wa magunia wakinitazama.

"Kumbe hiyo ndiyo pikipiki ya kompyuta?" shangazi akasema, mikono kiunoni. "Si ungekuja na punda? Punda hana waya."

"Shangazi, hujambo kwanza."

"Sijambo. Ingia ule, hiyo maiti yako iache nje ikauke juani."

Niliyasikia maneno hayo na nikayapuuza. Nilimwaga petroli yote ya tangi, nikatia ile ya jirani, nikala githeri, nikasikiliza habari za ukoo kwa saa mbili nzima. Nilipowasha, ikanguruma safi. Nilirudi Nakuru nikiimba ndani ya helmeti. Nilijiambia nimemaliza kazi ya siku tatu kwa siku moja, na kwamba Mzee ataniachia hata zile spana zake za ukutani.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Mzee Gurdial alikuja gereji kuona muujiza. Nami, kwa kutaka sifa, nilikuwa nimeamka mapema nikaiosha kwa sabuni mpaka unajiona kwenye tangi. Akasimama mlangoni na kilemba chake cha rangi ya waridi. Nikawasha. Dakika ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikakohoa mbele yake, ikatoa moshi, ikazima.

Alinitazama. "Petroli ya Rongai nayo ni mgonjwa?"

Haki, nilitamani ardhi ipasuke. Afadhali angenitukana.

Nikampigia simu Otieno. Huyu alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, tuliyesomea naye cheti cha ufundi, na ndiye peke yake niliyemjua mwenye laptop na waya wa kuzungumza na kasanduku kama kale. Akasema njoo Kihoto, mtaani kwangu hapa Naivasha, leo niko nyumbani. Nikafunga jaketi, nikaondoka.

Njia ya Naivasha ilinitoa jasho. Hadi Lanet nilikuwa nakwenda kwa kuombaomba, inakohoa kila nikiongeza mwendo. Kabla ya Mbaruk ikatulia yenyewe. Kikopey ikapita ikinguruma, harufu ya nyama ikinifuata barabarani, na Gilgil nikapita bila shida. Ndipo nikapata wazo la pili: ni urefu wa mlima. Hewa ya juu ni nyepesi, petroli inazidi, injini inapaliwa. Niliridhika sana na wazo hilo, na sikujiuliza kwa nini ilipona wakati napanda. Mbele ya Gilgil barabara ilikuwa inatengenezwa, tukapelekwa kando kwenye vumbi, na nilipofika Naivasha nilikuwa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga.

Kihoto mvua ilikuwa imenyesha usiku, maji yamesimama njiani kama kawaida ya mtaa ule. Watu walikuwa wamepanga mawe ya kukanyagia hadi milangoni. Nilisimama nje ya lango la Otieno na, mnajua tayari nilichofanya. Nilitoa kopo, nikachota maji, nikaosha vumbi lote. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza, "Siz, unaosha pikipiki Kihoto? Ukitoka hapa si itachafuka tu?" Nikamwambia heshima ni heshima. Nikawasha niingie nayo kwa madaha. Ikakohoa.

"Niaje Fundi," Otieno akasema akifungua lango. "Nimekusikia. Wacha nilete mashine."

Tulikaa barazani, laptop juu ya ndoo iliyopinduliwa, waya umeingia chini ya kiti. Kasanduku kalikuwa na taa ndogo ya kijani iliyomaanisha kako hai. Ilikuwa inawaka. Otieno alipitia namba moja moja kwa utulivu wake ule wa kuudhi, mpaka chai ikapoa.

"Namba ziko sawa," akasema.

"Punguza petroli. Ni urefu wa mlima."

"Sipunguzi kitu hakijaharibika. Kompyuta ya pikipiki inapima hewa yenyewe, inajua mlima. Na kasanduku hakana makosa." Akafunga laptop. "Nyokabi, nieleze vile inakohoa. Polepole, usiruke kitu."

Nikamweleza Rongai, nikamweleza asubuhi, nikamweleza njia. Alisikiliza akitafuna njiti ya kiberiti.

"Hii kitu haiugui njiani," akasema. "Inaugua ikifika. Kwa nini inaugua ikifika?"

"Labda haipendi wageni."

"Endelea kucheka. Hiyo taa itazame wakati inakohoa, si baada. Baada ya kukohoa kila kitu kinajifanya kizima."

Nilirudi Nakuru jioni na hasira kifuani. Sikutaka mafumbo, nilitaka dawa. Pikipiki ilikwenda vizuri njia nzima, na hilo likanizidishia uchungu, maana nilijua haijapona. Nilipopita juu na kuliona Ziwa Nakuru kule chini na ule mstari mwekundu wa flamingo ukingoni, machozi yalinitoka. Nasema wazi. Nilimuona Mzee Gurdial ameshika simu, anapiga kelele "Haya!", halafu anakaa kimya kwenye nyumba isiyo na fanicha.

Jumamosi asubuhi alikuja mapema kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amevaa koti la harusi, viatu vimepigwa rangi, ndevu zimechanwa. Chini ya kwapa alikuwa na bati la laddu, zile tamutamu za mviringo za Kihindi, alizopika mwenyewe, kwa kuwa Njenga alizipenda. Sikuwa nimepata hata nafasi ya kuosha pikipiki. Vumbi la Gilgil na tope la Kihoto vyote vilikuwa juu yake.

"Mzee," nikamwambia, "sijui ugonjwa. Nimejaribu. Sijui."

Alikaa kwenye ngazi ya gereji. Nilimwona ameangalia ile alama nyeupe ya kalenda. Kisha akasema, "Washa."

Nikawasha. Ikanguruma. Tukangoja dakika tano, kumi. Ikanguruma tu.

"Twende," akasema. "Ikikohoa, tunageuza. Hapana sukuma tena mbele ya Njenga."

Tuliiacha barabara ya Nairobi tukakata kushoto, Menengai ikiwa ubavuni, tukaanza kupanda kuelekea Bahati. Alikaa nyuma yangu, bati limebanwa katikati yetu, na kwa kuwa hakuvaa helmeti juu ya kilemba, sauti yake ilinifikia vizuri. Njia nzima alikuwa akinionyesha vitu ambavyo havikuwapo tena. "Hapa palikuwa na mti, tulilala chini yake mvua ilipotukamata." "Hapa Njenga aliangusha pikipiki, akasema ni mimi." "Hapa palikuwa na mama alichoma mahindi, tulikula kwa deni ya maneno tu, mpaka leo." Nilijibu "Ehe, Mzee," nikisikiliza injini kwa sikio moja na yeye kwa lingine. Kila niliposikia kokoto ikigonga chini, nilidhani imekohoa.

Baada ya Bahati tuliingia njia ya udongo. Mvua ilikuwa imeipiga vizuri. Mashamba ya viazi pande zote, ng'ombe wamefungwa kando, na tope jekundu likiruka hadi magotini petu. Nyuma yangu Mzee alikuwa ameacha kuzungumza. Nilipogeuka kidogo nilimuona anatazama kila mlango na kila ua.

Saa tano hivi tulifika kwenye kijito chini ya kilima cha Njenga. Kutoka pale hadi lango ni mwendo wa dakika tatu. Nilisimama bila kuzima injini, nikakumbuka maneno ya Otieno, nikafungua kiti nikainamia kasanduku. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Nikashukuru Mungu.

Wakati huo huo Mzee Gurdial, bila neno, alikuwa amechukua kopo langu. Alishuka kijitoni na viatu vyake vya rangi, akachota, akapanda, na kama alivyofanya maisha yake yote, akarusha maji ubavuni mwa pikipiki.

Taa ikapepesa. Ikazima. Injini ikakohoa.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Subukia. "Mzee, wacha! Wacha hapo hapo!"

Alisimama na kopo mkononi. Nami nilikuwa nimeshaona kila kitu, Rongai, gereji, Kihoto, yote kwa mpigo. Shangazi alikuwa ameniambia niiache ikauke. Mama wa Kihoto aliniuliza ninaosha nini. Ni mimi, jamani. Nilikuwa nazunguka bonde zima la ufa nikiitilia pikipiki ugonjwa kwa kopo, kisha joto la injini linaikausha, nami nasifu petroli, nasifu mlima. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikazima injini, nikachomoa plagi ya kasanduku. Mwezi wa saba nilikuwa nimeifunga kwa blada, ule mpira wa tyubu kuukuu tunaofungia kila kitu gereji, ili maji yasiingie. Niliifunga kwa nguvu na kwa upendo, mdomo ukitazama juu. Nilipoikata kwa kisu, maji yalitoka matone sita, saba. Nilikuwa nimekatengenezea kikombe.

"Ilianza lini kukohoa?" Mzee akauliza polepole.

"Baada ya mimi kuifunga vizuri."

Akatazama plagi, akatazama kopo. "Na mimi naosha, wewe naosha."

"Ndiyo, Mzee."

Alinipa leso yake safi, nikakausha kila pini. Nikapuliza mpaka kizunguzungu. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na mafuta yangu ya mgando ya kupaka midomo, nikayapaka mdomo wa plagi yote kuzunguka, nikairudisha ikitazama chini. Nikawasha. Ikakohoa mara moja, mbili, kisha taa ya kijani ikarudi na ikatulia, na injini ikanguruma kama siku ilipotolewa kwenye sanduku. Nikaruka juu. Mzee akacheka, akainama, na akaliokota kopo.

"Unaenda wapi?"

"Upande wa pili bado," akasema. "Ni tope tupu."

"Mzee, mafuta ya midomo si plastiki. Siyaamini bado. Ukirusha maji tena ikakohoa hapo kilimani, utasukuma. Leo tunaingia hivi."

Hapo ndipo alipokasirika. Uso wake ukawa mwekundu. "Nyokabi! Miaka hamsini mimi hapana ingia kwa Njenga na tope. Leo siku ya mwisho, ndiyo naingia kama mwizi wa ng'ombe?"

Sikuwahi kumkatalia mtu huyo. Hata siku aliponifungulia injini niliyoikaza usiku kucha, akaniambia rudia, nilirudia. Nikamwambia, "Mzee, chagua. Njenga anangoja sauti. Kusafisha ni kwetu, sauti ni yake."

Alitazama kilima, kisha akalitupa kopo kwenye nyasi, akapanda nyuma, akanigonga bega. "Endesha."

Tulipanda kilima. Injini haikukosea hata pumzi moja. Na pale juu, kwenye lango, alikuwa amesimama Mzee Njenga na kofia yake na fimbo, kichwa kimeinama upande wa sauti, anacheka meno yote yaliyobaki.

"Karibu, Gurdial! Leo imeimba!"

Walikumbatiana bila haraka. Mimi nilijifanya nakagua gurudumu. Halafu Mzee Njenga, kama kawaida yake, akanyoosha mkono kuisalimu pikipiki. Alikuwa akiipapasa kila mara tangi na taa. Mkono wake ukazama kwenye tope. Akasimama.

Mzee Gurdial akaanza kujitetea. "Samahani, ndugu yangu. Sikuosha. Ni mambo ya waya, huyu fundi wangu amekataa..."

"Nyamaza kwanza," Njenga akasema. Alikuwa anasugua tope kati ya vidole. Akalinusa. "Hili ni la kwa kijito." Akapapasa chini zaidi, kwenye bawa la gurudumu, akapata lingine lililokauka. "Hili jekundu ni la pale kona, kiwanda cha babako kilipokuwa. Mlipita hapo."

"Tulipita."

"Gurdial, mimi nimekuwa kipofu miaka sita. Miaka sita unakuja hapa unaniletea chuma baridi, kimeoshwa, hakina harufu ya kitu. Ulikuwa unamwoshea nani?"

Mzee Gurdial akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na yule mwenzake akamshika kiwiko akamwingiza ndani, mkono wenye tope juu ya lile koti la harusi. Hakuna aliyelipangusa.

Tulikaa hadi saa tisa. Chai, viazi vya kuchemsha, laddu. Sitaeleza walichozungumza, maana nilitoka nikakaa nje na mke wa Mzee Njenga tukichambua maharagwe, na tulisikia tu kicheko na kimya, kicheko na kimya. Walipoagana hawakusema "Haya." Njenga alisimama langoni hadi tulipovuka kijito. Najua kwa sababu Mzee alikuwa amegeuka nyuma njia nzima ya kilima, na mimi niliendesha polepole makusudi.

Kurudi Nakuru hakuonyesha kitu wala hakusimulia. Karibu na Bahati aliegemeza kichwa chake mgongoni mwangu akalala kidogo, na kilemba kikanipasha joto. Tulipofika gereji nilitafuta kitambaa kwa mazoea. Alinishika mkono.

"Wacha hivyo," akasema. "Mpaka niende." Nilipomrudishia ufunguo, hakuutia mfukoni mwake, akaniachia kiganjani.

Jumanne akaenda. Mimi nikabaki na pikipiki na ile gereji tupu, na nilichojifunza safarini si kingi: nikiona kitu kinaugua, siku hizi natazama mkono wangu kwanza, hasa ule mkono ninaojivunia.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, mambo yaliharibika, mnakumbuka wenyewe. Barabara zilifungwa, majirani wakaacha kusalimiana, na hakuna aliyeweza kupanda Kabazi wala kushuka. Asubuhi moja simu ililia gereji. Sauti ilikuwa mbali, yenye mwangwi.

"Beti! Wewe mzima?"

"Mzima, Mzee."

"Njenga?"

"Nimeongea na mkewe jana. Wako ndani, wako salama. Njia ndiyo hakuna."

Mbele yangu ile pikipiki ya bluu ilikuwa imesimama kwenye stendi yake, tope jekundu la ile kona ya kiwanda cha babake bado limeshika kwenye bawa la gurudumu.

"Pikipiki," akasema, "umeosha?"

"Bado, Mzee."

"Basi hapana osha," akasema. "Hapana osha, beti."